Maswali ya Wasomaji: Mgahawa wa Pili Unafunguliwa Lini?

Barua za mwezi huu zimehusu zaidi biashara ya chakula, na nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu kosa ambalo mwandishi wake anakaribia kulifanya nililifanya mimi mwenyewe katika jiji hili hili, na nililipa gharama yake kwa muda mrefu.

SWALI: Shikamoo mama. Nina mgahawa Makole, hapa Dodoma, na huu ni mwaka wake wa nne. Nilianza na meza tatu nikipika mwenyewe. Leo nina wafanyakazi sita, na mchana wateja husubiri viti. Kuanzia Aprili hadi Juni mauzo yalipanda kuliko wakati wowote, nikafanikiwa kuweka akiba ya shilingi milioni 14. Nimepata fremu mbili, moja karibu na Mji wa Serikali Mtumba na nyingine upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Mwenye fremu ya Mtumba anataka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mume wangu anasema nifungue zote mbili kabla wengine hawajatuwahi. Je, niko tayari? (Mama wa wawili, Makole)

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kufika mwaka wa nne, kwani wengi tulioanza nao hawakufika huko.

Nianze na hiyo miezi mitatu uliyoitaja. Aprili hadi Juni ni kipindi cha Bunge la Bajeti. Wabunge huwa mjini, na pamoja nao madereva, wasaidizi, watumishi wa wizara na taasisi wanaokuja kutetea mafungu yao, waandishi wa habari, na wananchi wanaofuatilia mambo yao kwa wabunge wa majimbo yao. Wote hao wanakula nje. Juni ikiisha wanaondoka, na mwezi Julai mgahawa uliokuwa umefurika unaweza kukaa na viti vitupu hadi saa saba mchana. Bunge hukutana tena baadaye katika mwaka, lakini vikao hivyo ni vifupi na havileti mzunguko wa fedha kama ule wa bajeti. Kwa hiyo nakuomba usiyatumie mauzo ya miezi hiyo kupanga maisha ya miezi 12. Chukua daftari lako, utafute mwezi uliokuwa dhaifu kuliko yote katika miaka hii minne, kisha ujiulize kama faida ya mwezi huo ingeweza kulipa kodi ya pango, mishahara na umeme wa sehemu mbili. Jibu utakalolipata hapo ndilo la kweli.

Sasa tuzitazame fremu zenyewe, maana watu huziita matawi ilhali ni biashara tofauti kabisa na yako. Mtumba ni mahali pa ofisi. Mtumishi wa umma anaingia saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 9:30 alasiri, akishatoka anapanda gari kurudi mjini, Ilazo, Kisasa au Nzuguni, na hakuna chakula cha jioni utakachomuuzia. Jumamosi na Jumapili hayupo. Maana yake ni kwamba utalipa pango la siku 30 na kuuza siku 22 hivi, tena kwa milo miwili tu, chai na chakula cha mchana, na mlo wa mchana wote unauzwa ndani ya saa moja na nusu. Huhitaji mgahawa mzuri hapo. Unahitaji jiko la haraka na wahudumu wenye miguu miepesi. Upande wa chuo mambo ni mengine. Mwanafunzi anakula mara tatu, hata saa tatu usiku, lakini ana bei yake, na hiyo bei haipandi. Faida inapatikana kwa wingi wa sahani, na chuo kikifungwa huo wingi unaondoka wote ndani ya wiki moja. Sisemi usiende huko. Ninasema kwamba ufundi uliokupa foleni Makole hautahamia kwenye fremu hizo kwa sababu tu bango lina jina lile lile.

Nikusimulie yangu. Mwaka 2016 Serikali ilipotangaza kwamba kuhamia Dodoma, kulikosubiriwa tangu uamuzi wa mwaka 1973, sasa kunatekelezwa, nilikuwa na hoteli moja Majengo iliyojaa kila siku. Kila mtu aliniambia kama mume wako anavyokuambia wewe, kwamba watatuwahi. Mwaka 2017 nikafungua sehemu mbili ndani ya miezi mitatu, moja Area C na nyingine Kikuyu. Ile ya Kikuyu haikumaliza mwaka. Ya Area C ilinishangaza zaidi, kwa sababu ilijaa wateja na bado ilikuwa inakula fedha ya Majengo. Mchele ulikuwa unaisha saa nane mchana, watu wanarudishwa mlangoni, na ukihesabu fedha hazilingani na magunia. Nilianza kumshuku mpishi, jambo ambalo hadi leo linanisikitisha, kwa kuwa kijana yule hakuwahi kuniibia hata shilingi.

Siku moja ya Jumanne nilikwenda kusimama tu jikoni kwake, bila kusema neno. Alikuwa akichota wali kwa upawa wa alumini, mara mbili kwa kila sahani, na akiona sahani imekaa vibaya anaongeza kidogo pembeni. Papo hapo nilikumbuka bakuli la Majengo. Hoteli yangu ya kwanza ilikuwa na bakuli dogo la bluu la plastiki: unalijaza wali, unausawazisha kwa mgongo wa kijiko, unaligeuza juu ya sahani, na wali unakaa kama kichuguu. Kilo moja ya mchele ilitoa vichuguu vinane, kila siku, akipika nani akipakua nani. Nilipofungua Area C nilinunua meza, feni, friji na bango lenye taa, lakini bakuli la pili sikununua. Upawa wa yule kijana ulikuwa unatoa sahani sita kwa kilo. Tulikuwa tunapika kilo 20 kwa siku, kwa hiyo sahani 40 zilikuwa zinapotea, na wakati ule sahani ilikuwa shilingi 2,500. Hiyo ni shilingi 100,000 kwa siku, shilingi 2,600,000 kwa mwezi wa siku 26 za kazi, zaidi ya kodi na mishahara ya sehemu ile. Majengo ilikuwa inajiendesha kwa vipimo vilivyokuwa ndani ya kichwa changu na mikononi mwangu, na mimi sikuwahi kuvitoa nikampa mtu mwingine.

Ndiyo maana sikuulizi kama una fedha. Ninakuuliza kama Makole inaweza kusimama bila wewe. Chagua mwezi ambao Bunge halina kikao, umpe mmoja wa wale wafanyakazi sita ufunguo wa stoo, daftari na simu ya lipa namba, na wewe usikanyage jikoni kwa siku 30. Pitia hesabu jioni tu. Kama nyama inakatwa vipande vile vile, kama supu ya Alhamisi ina ladha ya supu ya Jumatatu, kama mteja wako wa kila siku hajauliza "Mama yuko wapi?" kwa sababu chakula kimeharibika, basi umeshapata meneja na umeshapata mgahawa. Kama mambo yameyumba, usijilaumu wala usimfukuze mtu. Andika kila kilichoyumba, kwa sababu orodha hiyo ndiyo kazi yako ya miezi sita inayofuata. Pima mafuta, pima chumvi, hesabu vipande katika kilo, andika saa ya kubandika maharage. Mpishi wa mtaani anaweza kuona kuandika ni kutomwamini, hivyo kaa naye uandike kwa maneno yake mwenyewe, naye atalilinda daftari lile kama lake.

Unaweza kuona siku hizo ni nyingi. Tazama safari ya Danny Meyer, mmoja wa wamiliki wa migahawa wanaojulikana zaidi Marekani. Alifungua Union Square Cafe mjini New York mwaka 1985, akiwa na miaka 27. Mgahawa wake wa pili, Gramercy Tavern, ulifunguliwa mwaka 1994. Katikati hapo pana miaka tisa, katika mji ambao wapangishaji na wawekezaji hawakosekani. Baada ya hapo ndipo kasi ilipoongezeka, kwa sababu alikuwa ameshajua namna ya kumfundisha mtu mwingine kumpokea mgeni kama anavyompokea yeye. Na biashara yake iliyokuja kuwa kubwa kuliko zote, Shake Shack, haikuanza kwa pango la mwaka. Ilianza mwaka 2001 kama mkokoteni wa kuuza soseji ndani ya mkate kwenye bustani ya Madison Square, ikawa kibanda cha kudumu mwaka 2004 baada ya foleni kujionyesha yenyewe, na mwaka 2015 hisa zake zikaanza kuuzwa katika soko la hisa la New York.

Fanya hivyo hivyo kwa Mtumba. Usimlipe mwenye fremu kwa sasa, hata akikutishia kwamba yupo mwingine mwenye kilemba mkononi. Kwa miezi mitatu pika Makole, pakia kwenye vyombo vinavyotunza joto, tafuta bajaji ya kuaminika na upeleke oda za mchana kwa watu utakaokuwa umewapata kwa simu tangu asubuhi. Utajua ofisi gani zinakula, zinakula nini, na siku ya Ijumaa wangapi wanabaki. Ukipeleka sahani 60 kwa siku bila kuyumba, sasa unazungumza na mwenye fremu ukiwa na wateja tayari, na unaweza kumwomba miezi mitatu mitatu.

Neno moja la tahadhari hapa. Uza kwa mtu mmoja mmoja anayelipa kabla chakula hakijaondoka kwako, na uwe mwangalifu sana na mkopo wa ofisi. Niliwahi kulisha semina ya taasisi moja kwa siku kumi, chai na chakula cha mchana, nikakopa mchele na kuku ili nitimize, na malipo yakaja baada ya miezi saba. Hakuna aliyekataa deni. Kila nilipokwenda niliambiwa karatasi ziko kwenye meza ya mtu mwingine. Zabuni za Serikali sasa zinapitia NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni, na ni njia halali ya kukua, tena sheria ya ununuzi inatenga sehemu kwa makundi ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Ila iingie ukiwa na mtaji wa kusubiri, usiwe mtaji wa mboga ya kesho.

Kuhusu kodi sitakaa sana. Sehemu mbili za mtu mmoja huhesabiwa pamoja, na mauzo ya mwaka yakifika shilingi milioni 200 unatakiwa kujisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani. Hiyo ni wastani wa shilingi milioni 16 na laki 6 hivi kwa mwezi, ambayo migahawa miwili iliyojaa inaifikia bila mwenyewe kujua. Wafanyakazi wakifika 10, tozo ya kuendeleza ufundi stadi nayo inakuhusu. Mtafute mhasibu kabla ya fundi wa bango. Na kama utajenga jiko jipya, lijenge la gesi. Serikali imeshapiga marufuku kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku, na mkakati wake wa nishati safi unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Jiko la mkaa utakalolijenga leo utakuja kulibomoa.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba hauko tayari kwa mbili, na kwa moja utakuwa tayari baada ya hizo siku 30 na hiyo miezi mitatu ya oda. Msalimie mume wako, umwonyeshe daftari la Julai, mlisome pamoja.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mhudumu katika hoteli ya wageni Singida mjini, nina miaka 24 na elimu ya kidato cha nne. Ndoto yangu ni kumiliki migahawa kadhaa, ila mtaji sina. Nianze na shule au na kibanda? (Kijana, Singida)

JIBU: Marahaba mwanangu. Usianze na kimojawapo. Anza na stoo ya hapo hapo ulipo. Mwombe meneja akuhamishie kwenye manunuzi, hata kwa mshahara ule ule. Wahudumu wengi hukwepa stoo kwa sababu haina bahashishi, lakini mgahawa hupata faida au hasara pale mzigo unapopokelewa na kupimwa. Wewe uko Singida, ambako kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti hutoka kwenda miji mingine. Andika bei ya kuku na ya dumu la mafuta kila wiki kwa mwaka mzima, uone zinavyoshuka baada ya mavuno na kupanda kabla ya mvua. Ukimaliza mwaka huo utakuwa unajua jambo ambalo wenye migahawa wengi wa Dodoma wangelipa kulijua, na ndilo linaloweza kuwa mtaji wako wa kwanza: kuwaletea wao kuku kwa oda.

Baada ya hapo kozi fupi ya upishi VETA itakufaa kuliko ingekufaa leo, kwa kuwa utakuwa na maswali ya kuuliza. Fedha ya kibanda tafuta kupitia kikundi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na afisa maendeleo ya jamii wa kata yako ndiye wa kumwona. Chagua wenzako wa kikundi kwa uangalifu kuliko unavyochagua kiwanja, maana mmoja asiporejesha mnaanguka wote.

SWALI: Shikamoo mama. Ninachoma kuku na mbuzi Kibaigwa, kando ya barabara kuu, na mabasi na malori yanasimama kwangu mchana na usiku. Mfanyabiashara wa Morogoro anataka afungue sehemu kwa jina langu, nimfundishe viungo vyangu, naye anilipe kiasi fulani kila mwezi. Kaka yangu anasema hiyo ni fedha ya bure. Nikubali? (Mchomaji, Kibaigwa)

JIBU: Marahaba baba. Ukubali, ila si kwa masharti hayo.

Kuna mzee wa Marekani aliyepitia njia yako. Harland Sanders alianza mwaka 1930 kuwauzia chakula wasafiri kwenye kituo chake cha mafuta Corbin, Kentucky, na kwa miaka mingi barabara ilimlisha. Kisha ikapangwa barabara kuu mpya isiyopita mlangoni kwake, wasafiri wakawa wanaondoka, na mwaka 1956 akauza mgahawa kwa mnada. Kilichomwokoa ni makubaliano aliyokuwa ameyafanya mapema: mwaka 1952 mwenye mgahawa mmoja wa Salt Lake City, Pete Harman, alianza kupika kuku kwa namna ya Sanders na kumlipa senti chache kwa kila kuku. Kutokana na hapo ilikua Kentucky Fried Chicken, ambayo aliiuza mwaka 1964 kwa dola milioni 2. Ninakutajia hili kwa sababu barabara yako nayo inabadilika. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inafanya safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na abiria aliyekuwa akishuka kwenye basi kunawa mikono kwako sasa anaweza kupita na treni bila kuliona jiko lako. Malori yatabaki. Hata hivyo ni vizuri jina lako liwe na mguu wa pili mahali pengine.

Kwanza, linda jina. Jina la biashara ulilosajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, linaonyesha nani anafanya biashara. Halimzuii mtu mwingine kulitumia kama nembo ya bidhaa yake. Kinachozuia ni alama ya biashara, nayo husajiliwa BRELA hiyo hiyo kwa ombi tofauti, na kwa Zanzibar ni usajili mwingine. Fanya hivyo kabla hujakutana tena na huyo bwana, kwa sababu anayewahi kusajili ana nguvu.

Pili, usimfundishe viungo. Muuzie vikiwa vimeshasagwa na kuchanganywa, kwenye pakiti zenye uzito mmoja, kama Sanders alivyofanya. Hapo ndipo utakapotatua pia suala la malipo. Kiasi kisichobadilika kila mwezi kinakuumiza yeye akiuza sana na kinamuumiza yeye akiuza kidogo, mkaishia kugombana. Akulipe kwa kila kuku. Utajuaje amechoma wangapi ukiwa Kibaigwa? Pakiti moja inatosha kuku 20, tuseme. Akinunua pakiti 50 kwa mwezi, amechoma kuku 1,000. Akianza kununua pakiti chache huku foleni yake ni ile ile, ama anapunguza viungo au ameanza kuviiga, na kwa vyovyote vile unakuwa na sababu ya kupanda gari kwenda Morogoro kuonja.

Tatu, makubaliano yaandikwe na wakili, si kwenye karatasi ya daftari mbele ya mashahidi wawili. Yaseme ni nani ananunua kuku na wa uzito gani, wanachomwa kwa muda gani, unaruhusiwa kukagua jiko bila taarifa, na mkiachana jina linarudi kwako na bango linashushwa ndani ya siku 14. Kaka yako awe shahidi, ila asiwe mpokeaji wa fedha.